Mashine ya kuoshea vyombo: pima nyumba kabla ya kumwita fundi

Safu ya leo ni ya jikoni, na wanaume msiipite, maana pesa zinazomwagika hapa ni zenu pia.

Nilikuwa Suam kumtembelea dada yangu. Kwa asiyepajua, Suam ni mpakani na Uganda, unapita Kitale, unapita Endebess, unapanda chini ya Mlima Elgon mpaka unaukuta mto wenyewe uliopapa jina. Mto ule watoka mlimani, wakata mpaka, halafu waelekea kaskazini na kuwa Turkwel hadi Ziwa Turkana. Maji yake ni baridi kuliko tulivyozoea sisi watu wa pwani. Ukiosha sahani alfajiri, vidole vinakufa ganzi. Mama mkwe wa dada ana maumivu ya viungo, na ndiye aliyekuwa hakubali kuona chombo kichafu kimelala. Shemeji yangu, ambaye riziki yake ni mizigo inayovuka mpaka, alimhurumia mamake akanunua mashine ya kuoshea vyombo Nairobi, mpya, akaipandisha kwa pikapu.

Nilipoingia jikoni niliikuta inang'aa, na ndani zimepangwa chupa za chai na vikombe vya kahawa vya wageni. Nikasema mashaallah, vimetakata. Dada akacheka. "Hapana kaka, hilo sasa ni kabati. Tumelizima tangu stima imrushe mtoto."

Mtoto mwenyewe ana miaka tisa. Alikuwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, mkono mmoja kwenye mlango wa mashine, wa pili kwenye sinki ya chuma. Alilia, akatetemeka, akapoa. Alhamdulillah hakuumia. Lakini mimi niliyesomea diploma ya umeme kabla sijaingia katika kazi hii ya kuandika, nilijua alikuwa karibu na jambo gani. Nikavua shati la mgeni, nikaomba tochi.

Niliyoyakuta nayaandika hapa kwa sababu nyumba ile haina tofauti na nyumba zetu za Mombasa, Malindi au Lamu. Mashine hizi zimeanza kuingia majumbani, na wauzaji wanakwambia ni kuchomeka plagi na kufungulia maji. Si kweli. Mashine ya kuoshea vyombo yataka njia tatu: maji ya kuingia, maji ya kutoka, na umeme. Nyumba zetu nyingi zina kasoro katika zote tatu.

Wala si jambo jipya. Mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1886 na kuionyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Walioinunua walikuwa mahoteli. Majumbani haikuingia upesi, na sababu mojawapo ni kwamba nyumba za wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kuitosha. Nyumba ndiyo haikuwa tayari.

MAJI YANAYOINGIA

Mashine ya Suam ilikuwa ikiwashwa, inanguruma, baada ya dakika chache inalia na kuonyesha alama ya kukosa maji. Fundi wa kwanza akasema mashine mbovu, irudishwe Nairobi. Mashine haikuwa na ubovu.

Angalia lebo iliyobandikwa pembeni mwa mlango au katika kitabu chake. Utaona namba za presha ya maji, mara nyingi 0.05 hadi 1 MPa. Ile 0.05 ndiyo ya chini kabisa inayokubalika, na kwa lugha ya fundi bomba ni maji yaliyosimama mita 5 juu ya mashine. Ziko zinazoridhika na 0.03, yaani mita 3. Sasa toka nje utazame tangi lako. La dada limekaa juu ya vyuma vya urefu wa mita 2 na ushei. Ukiondoa kimo cha bomba linaloingia jikoni, presha iliyobaki haifiki hata nusu ya inayotakiwa. Kwenye sinki maji yanatoka, ndiyo, na mtu anaridhika. Lakini mashine haina macho, ina valvu ndogo inayofunguliwa kwa umeme, na ndani ya valvu kuna tundu jembamba na chujio. Maji yasiposukumwa hayapiti kwa kiasi kinachotakiwa.

Kipimo cha nyumbani ni ndoo. Toa maji katika koki ileile itakayofungwa mashine, si mfereji wa uani. Ndoo ya lita 10 yafaa ijae kwa kama dakika moja. Ikichukua dakika tatu, usinunue mashine kabla hujatengeneza maji.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuinua tangi, nami siipendi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji, na tani moja juu ya mita 5 yataka msingi na vyuma vilivyopigwa hesabu, si vyuma vya mlango vilivyobaki. Ya pili ni pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayojiwasha mfereji ukifunguliwa na kujizima ukifungwa. Inafungwa baada ya tangi, ikivuta maji ya tangi. Usikubali ifungwe ivute moja kwa moja kutoka paipu ya mtaa, maana utawanyonya majirani, na paipu ikiwa na ufa utavuta na uchafu wa udongoni. Shemeji akaniuliza, je, stima ikipotea? Nikamwambia stima ikipotea mashine nayo imelala, kwa hiyo pampu haikupunguzii kitu.

Nikiwa njiani kurudi nililala Bungoma kwa rafiki yangu, naye ana mashine ya namna hiyohiyo, haina pampu, na inafanya kazi bila kulalamika. Yeye anakaa chini katika jengo la ghorofa tatu, tangi liko juu ya paa. Kutoka tangini hadi jikoni kwake ni kama mita 9. Jirani yake wa ghorofa ya juu akinunua ileile, haitapata maji. Jengo moja, tangi moja, na wote wawili watakuwa wanasema kweli wakibishana kuhusu mashine hiyo.

Koki ya mashine iwe yake peke yake, yenye mkono wa kufunga, mahali unapoweza kuufikia bila kuisukuma mashine. Nyuzi zake ni za robo tatu inchi. Mpira wa kuingizia maji unakazwa kwa mkono, halafu robo mzunguko tu kwa spana. Washa ya mpira ndiyo inayozuia uvujaji, si nguvu za fundi. Na kama mwisho wa mpira kuna kisanduku kizito cha plastiki, usimruhusu mtu kuukata au kuurefusha. Mna valvu ya umeme mle ya kufunga maji mpira ukipasuka.

MAJI YANAYOTOKA

Hapa ndipo fundi wa kwanza alipoharibu zaidi. Alitoboa ukuta karibu na sakafu, akaupitisha mpira wa maji machafu nje hadi karoni. Nadhifu kwa macho. Lakini tumbo la mashine liko juu kuliko tundu lile, kwa hiyo maji yanayoingia yanajivuta yenyewe na kutoka, kama mtu anavyonyonya petroli kwa mpira. Mashine inajaza, maji yanakimbia, inajaza tena, mwisho inakata tamaa. Pia mdomo wa mpira uliokaa wazi karoni ni mlango wa mende, na harufu inayorudi jikoni haihitaji maelezo.

Sawa yake ni hivi. Mpira upandishwe kwanza hadi chini ya ubao wa kaunta, ufungwe pale kwa kibano usianguke, ndipo ushuke kwenye paipu ya sinki. Kile kilele ndicho kinachozuia maji kujivuta, na kuzuia maji ya sinki kurudi kwenye vyombo vilivyokwisha takata. Usipande kupita kama mita 1 kutoka sakafuni, maana pampu ya ndani ni ndogo. Usirefushwe ovyo pia. Jikoni ambayo mashine iko upande mmoja na sinki upande wa pili, hamisha mashine, usihamishe maji.

Kwenye ile paipu iliyopinda chini ya sinki pana kipua cha kuungia mpira. Kikiwa kipya huwa kimezibwa ndani kwa plastiki nyembamba. Nimeona mafundi watu wazima wakifunga mpira juu ya kizibo hicho, halafu wanashangaa maji hayatoki. Kitobolewe kwanza.

Nilipoupandisha mpira wa Suam nilidhani nimemaliza. Nikaiwasha, ikalia vilevile. Ndipo nikatoka nje kupima tangi kwa futi. Kasoro mbili zilikuwa zimevaa nguo moja.

STIMA

Sasa lile la mtoto.

Mashine hizi nyingi hula wati 1,800 hadi 2,400, kwa sababu zinachemsha maji yake zenyewe. Gawanya wati 2,000 kwa volti 240 za hapa Kenya, unapata zaidi ya ampia 8. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya 13, inatosha mashine moja. Jikoni kwa dada palikuwa na soketi moja, na kwenye soketi hiyo kamba ya kuongezea yenye matundu manne: friji, birika la umeme, mashine ya vyombo. Birika nalo ni wati 2,000. Vikiwaka pamoja ni zaidi ya ampia 16 katika waya mwembamba ulioviringishwa nyuma ya kabati la mbao. Kamba ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mashine ya vyombo haichomekwi kwenye kamba. Iwe na soketi yake, kwa waya wake kutoka kwenye boksi la fyuzi, na soketi hiyo isiwe nyuma ya mashine bali ndani ya kabati la jirani, ili siku ya dharura uichomoe bila kuparamia maji.

Lakini kilichomrusha mtoto si kamba. Ni athi, ule waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini. Ndani ya mashine kuna kichujio kidogo cha kuzuia kelele za umeme, na kwa maumbile yake huachia umeme kidogo sana uende ardhini kupitia athi. Hilo ni la kawaida. Athi isipokuwepo, ule umeme unakaa kwenye mwili wa chuma ukingoja njia. Mtoto mwenye miguu mitupu, sakafu mbichi, mkono kwenye sinki, ndiye akawa njia. Kwa hiyo alichokipata siku ile ni mtekenyo wenye nguvu. Balaa ni siku kile chuma cha kuchemshia maji kitakapoharibika na kugusana na mwili wa mashine. Hapo zinakuja volti 240 zote, na bila athi fyuzi haikatiki. Inangoja mtu.

Nilifungua soketi nikaona waya wa athi umefungwa vizuri. Nikaufuata hadi kwenye boksi la fyuzi, umefungwa vizuri. Nikatoka nje kutafuta fimbo ya shaba inayopigwa ardhini, sikuiona. Waya ulishuka ukutani ukaishia ndani ya zege. Labda fimbo iliwahi kuwepo ikaondolewa wakati wa kujenga veranda, labda haikuwahi kuwepo. Nyumba ilikuwa na miaka kadhaa, na kila kitu kiliwaka siku zote. Athi ina tabia hiyo: ikikosekana, taa hazizimiki.

Sikuifanya kazi ile mwenyewe. Diploma si leseni, na kazi ya umeme majumbani kwa sheria ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi. Alikuja fundi kutoka Kitale, kijana mpole. Jambo la kwanza alilolitoa mkobani ni kipimo, si koleo. Akapiga fimbo mpya ya shaba, akapima ardhi inavyopokea, akaweka na swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Swichi hiyo kila nyumba inaihitaji, mashine ya vyombo ikiwepo au isiwepo. Alipomaliza akabonyeza kitufe chake cha majaribio mbele ya dada, umeme ukakatika, akamwonyesha namna ya kuurudisha. Fundi wa umeme asiyetoa kipimo mkobani, mpe chai aende zake.

Jambo moja kwa ndugu wanaoleta mizigo kutoka nje. Kutoka Oman na Emirati hapana shida kubwa, umeme wao na wetu ni ndugu. Saudia ni Hz 60 na hapa ni 50. Soma lebo: ikiandikwa 50/60 Hz na volti 220–240, ilete. Ikiandikwa 60 peke yake, pampu zake hazikutengenezwa kwa umeme wetu. Ya Marekani ya volti 120, usiilipie nauli ya meli.

CHUMVI

Hapa pwani na bara tunaachana. Mle ndani, chini, kuna mdomo wenye kifuniko wa kutilia chumvi. Chumvi hiyo haiendi kwenye vyombo. Inasafisha chembe maalumu zinazotoa chokaa katika maji. Kule Suam, maji ya mlimani na ya mvua ni laini. Sabuni inatoka povu mara moja. Dada aliweka kipimo cha ugumu sifuri, na chumvi hana haja nayo. Ndugu yangu wa Kisauni anayevuta kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa tele. Yeye akifanya kama dada, miezi michache glasi zitakuwa na ukungu mweupe na kile chuma cha kuchemshia kitavaa koti la mawe. Aweke kipimo juu, atie chumvi ya mashine iliyo safi, ya chembe kubwa. Ya mezani ina viungo vingine na unga wake unaganda. Na kisima kikiwa na maji ya chumvi ya bahari, ukiyaonja ulimini unayajua, chembe zile hazisaidii. Chumvi ya bahari hula hata chuma kisichoshika kutu. Kwa nyumba hiyo tumia maji ya mfereji au ya mvua, la sivyo pesa zako zitaoza.

Sabuni iwe ya mashine. Ile ya maji ya kuoshea kwa mkono inatoa povu mpaka sebuleni.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Asiondoke kabla mashine haijazunguka mara moja ikiwa tupu, kwa maji ya moto, mwanzo hadi mwisho, hata ikichukua saa mbili. Weka karatasi kavu ya shashi chini ya kila kiungo. Tone dogo litaonekana hapo kabla ya kuonekana sakafuni. Fungua mlango wake uuache: ukianguka upande mmoja au mashine ikiyumba, miguu haijasawazishwa. Kama ni ya kuingia chini ya kaunta, ifungwe kwa skrubu juu, maana trei mbili zilizojaa sahani zikivutwa nje mashine huinama mbele, na mbele ndipo watoto wanaposimama. Mpime nafasi mapema pia. Ya kawaida ina upana wa sentimita 60, nyembamba 45, na jikoni zetu za zamani kaunta hazikuzijua namba hizo.

Stima ikikatika katikati, iacheni. Nyingi zikirudishiwa umeme huendelea zilipokomea.

Alhamisi usiku dada aliosha kwa mashine vyombo vya watu kumi na wawili. Mama mkwe alivuta kiti akakaa mbele yake kama anayetazama televisheni, na ilipomaliza akatoa sahani moja, akaigeuza juu ya taa, akaipitisha kidole. Hakusema kitu, aliirudisha. Kisha akaniuliza mbona sufuria za pilau zimebaki kwenye sinki.

Nikamweleza kwamba sufuria zetu hizi za alumini zikiingia mle zinatoka nyeusi, sabuni ile ni kali na inazila. Vivyo hivyo miko ya mbao, kifumbu, mbuzi ya nazi, visu vizuri na vikombe vyenye mstari wa dhahabu. Mle ni sahani, bakuli, glasi, vijiko na vyombo vya chuma kisichoshika kutu.

"Basi sufuria nitasugua mimi," akasema, "lakini mnichemshie maji."